Ulipata C? Diploma inaweza kukupunguzia mwaka wa digrii, lakini uliza kabla ya kulipa

HUENDA uko Waberi, Galbet ama Iftin sasa hivi, matokeo yako ya KCSE yako kwa simu, na kila mtu nyumbani ana ushauri wake. Abti anasema rudia mtihani. Hooyo anasema nenda North Eastern National Polytechnic, si iko hapa tu Garissa? Binamu yako aliye Minneapolis naye anakutumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, anakuambia kwamba huko kwao mtoto anaweza kumaliza shule ya upili akiwa tayari ameshasoma kozi kadhaa za chuo kikuu, bure. Unabaki ukijiuliza: kwani sisi hatuna kitu kama hicho?

Jibu fupi ni kwamba tuko nacho, ila hakiko mahali unapokitafuta. Hakiko ndani ya KCSE. Kiko kwenye diploma, na wengi hukipoteza kwa sababu hawakujua kuuliza.

Hebu tuanze na huyo binamu, maanake hakudanganyi.

Wanavyofanya Marekani

Katika shule nyingi za upili Marekani kuna masomo ya kiwango cha juu yanayoitwa Advanced Placement, au AP kwa kifupi. Mwanafunzi husoma somo hilo mwaka mzima akiwa bado shuleni, halafu mwezi wa Mei anafanya mtihani unaosahihishwa kwa alama za 1 hadi 5. Akipata 3, 4 au 5, vyuo vingi humhesabia kama mtu aliyeshasoma kozi hiyo chuoni. Kila chuo kina sheria yake. Kimoja kitakubali 3, kingine kinataka 5, kingine hakikubali chochote kwa somo hilo.

Jimbo la Minnesota, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, lina mpango mwingine uliokuwepo tangu 1985. Unaitwa PSEO. Mwanafunzi wa shule ya upili anaruhusiwa kusoma kozi zenyewe za chuo, serikali ya jimbo inalipa, na yuniti hizo zinaandikwa kwenye rekodi yake ya shule na ya chuo kwa wakati mmoja. Mwenye bidii anaweza kuingia chuoni akiwa ameruka mwaka mmoja au zaidi.

Angalia kinachofanyika pale. Hakuna muujiza. Chuo kinauliza maswali mawili: je, ulichosoma ni kile kile tunachofundisha sisi? Na je, kuna karatasi inayothibitisha ulikisoma na ukakipita? Majibu yote yakiwa ndiyo, hawakurudishi nyuma ulipe karo mara ya pili kwa somo lile lile. Kumbuka maswali hayo mawili, yatakufaa hapa Garissa vile vile.

Kwa nini KCSE haikupunguzii yuniti

Hapa kwetu, KCSE ni tiketi ya mlangoni. Inakuingiza, lakini haikusogezi mbele. Hata ukiwa na A ya Hisabati, mwaka wa kwanza wa chuo utasoma hesabu za mwaka wa kwanza sawa na aliyeingia na B.

Si kwamba imekuwa hivyo siku zote. Waulize wazee waliosoma zamani, watakuambia kuhusu Form Five na Form Six. Mfumo wa wakati ule ulikuwa 7-4-2-3: miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kiwango cha A, kisha 3 ya chuo kikuu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na mtihani wa mwisho wa A, uliokuwa ukiitwa KACE, ulifanywa 1989, mwaka ule ule KCSE ya kwanza ilipofanywa.

Sasa piga hesabu. Saba, nne, mbili na tatu ni 16. Nane, nne na nne pia ni 16. Miaka ile miwili ya kiwango cha A iligawanywa: mmoja ukapelekwa shule ya msingi, mwingine ukapelekwa chuo kikuu. Ndiyo maana digrii iliyokuwa ya miaka 3 ikawa ya miaka 4. Kwa maneno mengine, aliyemaliza Form Six alikuwa anaingia chuoni akiwa amesoma mengi ya yale ambayo leo wewe unayakuta mwaka wa kwanza.

Majirani zetu Uganda na Tanzania bado wana kidato cha tano na cha sita. Kwao pia, miaka hiyo miwili ndiyo inayoamua nani aingie chuo kikuu na asome nini. Ukiwa na cheti cha nje kama hicho na unataka kusoma Kenya, kitalinganishwa kwanza na vyeti vya hapa. KNEC ndilo baraza lenye jukumu kisheria la kulinganisha vyeti vya mitihani ya shule. Anza shughuli hiyo mapema, usingoje wiki ya kusajiliwa.

Basi kozi zetu za juu ziko wapi?

Ziko kwenye vyuo vya kiufundi na vya kati. Tangu sheria ya mwaka wa 2014 iliyounda KNQA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia viwango vya vyeti, Kenya ina ngazi moja ya vyeti vyote. Cheti cha fundi stadi, kile cha artisan, kiko kiwango cha 4. Cheti cha craft kiko cha 5. Diploma iko cha 6. Digrii ya kwanza iko cha 7. Uzamili ni wa 9, na uzamifu, yaani PhD, ni wa 10.

Wazo la ngazi hiyo ni kwamba hakuna cheti kinachoishia ukutani. Masomo hupimwa kwa kipimo kinachoitwa krediti, na krediti moja ni takriban saa 10 za kujifunza, darasani, kwenye karakana na unapojisomea mwenyewe. Ukipanda ngazi, ulichokwisha kusoma chini kinaweza kuhesabiwa juu.

Masharti ya kuingia yako hivi. Digrii moja kwa moja kutoka shule inataka C+ ya KCSE. Diploma kwenye vyuo vya kiufundi inataka C-. Cheti cha craft kinataka D. Aliye chini ya hapo anaanzia artisan, na hafungiwi njia ya kupanda.

Na usijione uko peke yako. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani. Waliopata C+ na kuendelea walikuwa 246,391. Hiyo ni karibu mmoja kati ya wanne. Hao wengine watatu ni wengi kuliko wanaoingia chuo kikuu moja kwa moja, kwa hivyo njia ya diploma ni barabara kuu. Usiione kama kichochoro cha walioshindwa.

Mwenye diploma inayotambulika anaweza kukubaliwa kwa digrii, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, inaitaja diploma kati ya sifa za kuingia. Kwa hapa nyumbani, mpangilio unaonekana kwa macho. Una North Eastern National Polytechnic. Una tawi la KMTC. Na una Garissa University, iliyoanza 2011 kama chuo kishiriki cha Moi University katika eneo la kilichokuwa chuo cha walimu, ikapitia shambulio la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148, ikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mzazi wako alipomaliza shule, hakukuwa na chuo kikuu hata kimoja hapa. Leo unaweza kupanda ngazi yote bila kuvuka daraja la Tana.

Hesabu ya miaka, bila kujidanganya

Tuseme una C ya kawaida na unataka digrii ya biashara.

Njia ya kwanza, unarudia KCSE. Unatumia mwaka mmoja, halafu ukipata C+ unaingia digrii ya miaka 4. Jumla ni miaka 5. Lakini hiyo "ukipata" ni kubwa. Usipopata, mwaka umekwenda na huna karatasi mpya. Tena mlango huo unafungwa: mpango wa serikali ni KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ifanywe 2027.

Njia ya pili, unasoma diploma ya biashara kwa miaka 2 hadi 3 kulingana na chuo na mtaala. Ukiingia digrii mwaka wa pili, utabakiwa na miaka 3. Jumla ni miaka 5 au 6. Ukirudishwa mwaka wa kwanza, jumla inakuwa 6 au 7.

Umeona? Tofauti kati ya kuingia mwaka wa kwanza na kuingia wa pili ni mwaka mzima wa karo, kodi ya chumba, na mshahara ambao hukuupata. Na faida nyingine ya njia ya pili ni kwamba katikati ya safari tayari una diploma mkononi. Mambo yakiharibika nyumbani, mifugo ikafa kwa ukame, mzazi akaugua, unaweza kusimama, ukafanya kazi kwa hiyo diploma, kisha ukarudi baadaye.

Dadaab walishafanya hivyo

Kilomita takriban 100 kutoka hapa, Dadaab, kuna vijana waliosoma kwa mtindo huu kabla wengi wetu hatujausikia. Mpango unaitwa Borderless Higher Education for Refugees. Ulianza 2013, ukaunganisha Kenyatta University na Moi University za hapa nchini na vyuo viwili vya Kanada, York University na University of British Columbia. Wakimbizi na vijana wa jamii inayowazunguka walisoma pamoja, sehemu darasani Dadaab, sehemu mtandaoni.

Waliupanga kama matofali. Unaanza na masomo ya maandalizi, unapata cheti. Cheti kinahesabiwa kwa diploma. Diploma inahesabiwa kwa digrii. Hakuna tofali linalotupwa.

Kwa nini waliupanga hivyo? Kwa sababu mkimbizi hajui kesho. Anaweza kupelekwa nchi nyingine, anaweza kurudi kwao, ufadhili unaweza kukatika. Programu ya miaka minne isiyokupa chochote hadi siku ya mahafali ingemwacha mtupu. Ya matofali inamwacha na karatasi kila anapofika.

Sasa jiulize kama maisha ya Waberi ni tofauti sana. Wangapi unaowajua waliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, wakarudi nyumbani bila karatasi yoyote?

Mitego inayomeza miaka

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hivyo soma polepole.

Mtego wa kwanza ni kubadilisha mstari. Diploma ya uhasibu haitakuhesabia yuniti kwenye digrii ya mazingira. Inaweza kukufungulia mlango, lakini utaanza mwaka wa kwanza. Yuniti huhesabiwa pale tu masomo yanapofanana. Kwa hivyo chagua diploma ukiwa tayari unajua digrii unayoitaka. Usichague kwa sababu rafiki zako wote wameenda huko.

Mtego wa pili ni chuo kisichosajiliwa. Mtaani kuna vyuo vya ghorofa moja vinavyotoa diploma kwa bei poa. Chuo cha kiufundi lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, na mtihani wako utoke kwa taasisi inayotambulika, kama vile KNEC au TVET CDACC. Swali lile la pili la Wamarekani, la karatasi ya kuthibitisha, linafia hapa kama karatasi yako haitambuliki.

Mtego wa tatu ni mkubwa zaidi, nao ni bodi za kitaaluma. Chuo kikuu kikikukubali, haimaanishi taaluma itakukubali. Mfano wazi ni sheria. Kuna watu waliopanda kutoka diploma hadi digrii ya sheria, wakahitimu vizuri, halafu wakakataliwa mlangoni mwa Kenya School of Law kwa sababu ya gredi zao za KCSE. Kesi zao zilifika hadi Mahakama ya Rufaa. Hebu fikiria, miaka yote hiyo, kisha unaulizwa ulipata nini kwa Kiingereza Form Four. Ualimu nao, TSC huangalia gredi ya KCSE na masomo mawili utakayofundisha, si digrii peke yake. Uhandisi una bodi yake, uuguzi una baraza lake. Kabla ya kuanza diploma kwa nia ya kufika huko, waulize bodi wenyewe kama njia hiyo inakubalika.

Upande mwingine, kuna taaluma ambazo njia ya kupanda imelainishwa. Muuguzi aliyesajiliwa mwenye diploma anaweza kupata programu za digrii zilizotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, fupi kuliko za anayetoka shule. Katika uhasibu, KASNEB ina utaratibu wa kumsamehe mtu baadhi ya karatasi za mtihani kulingana na masomo aliyokwisha kupita.

Mtego wa nne ni kudhani kwamba watakuhesabia kila kitu. Kwa kawaida chuo hakitakubali kukuhesabia zaidi ya nusu ya masomo yake ya msingi. Wanataka digrii yenye jina lao iwe imesomwa kwao. Pia alama zako ni muhimu: yuniti uliyopita kwa kuponea chupuchupu inaweza kukataliwa, na vyuo vingi vinataka diploma ya daraja la credit au distinction ndipo vikuruhusu kuanzia mwaka wa pili.

Maswali ya kuuliza, na uyaulize kwa maandishi

Waombaji wenye diploma kwa kawaida huomba chuoni moja kwa moja, si kupitia mgao wa KUCCPS wa waliotoka KCSE. Maana yake hakuna mtu atakayekupangia. Ni wewe uende ofisi ya msajili wa masomo, au umwandikie barua pepe. Uliza hivi:

Je, diploma yangu hii inakubaliwa kwa digrii hii? Nitaanza mwaka gani? Ni yuniti zipi hasa nitasamehewa, na orodha yake naweza kuipata kwa maandishi? Nitalipa karo ya miaka mingapi? Je, digrii yenyewe imeidhinishwa na CUE? Na je, bodi ya taaluma inatambua njia hii?

Jibu la mdomo kutoka kwa mtu wa kaunta si jibu. "Wewe kuja tu, tutaangalia" ni ishara kwamba huenda utaanza upya. Omba barua. Kama hawataki kuandika, tafuta chuo kingine ulinganishe.

Na wewe nawe uwe na vitu vyako tayari. Weka transkripti ya kila muhula, ile yenye alama za kila yuniti, si cheti peke yake. Weka pia muhtasari wa kila kozi, karatasi ile ya mada mnayopewa siku ya kwanza darasani, ambayo wengi huifungia mandazi. Ndiyo chuo kitakayoitumia kulinganisha ulichosoma na wanachofundisha wao. Ipige picha, ijitumie kwa barua pepe, ihifadhi. Miaka mitatu baadaye hiyo karatasi inaweza kuwa na thamani ya muhula mzima.

Kuhusu pesa, HELB hukopesha pia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi, si wa vyuo vikuu tu. Basari ya kaunti na ya NG-CDF nazo zipo. Ulizia fomu katika ofisi ya wadi mapema.

Mdogo wako wa Gredi ya 10

Kama una mdogo aliyeingia sekondari pevu Januari 2026, mwambie asikilize pia. Hao ndio wa kwanza wa mtaala mpya kufika huko. Wanachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Na ukitazama mpangilio wa 2-6-3-3-3, chuo kikuu kimerudi kuwa angalau miaka 3, kama ilivyokuwa enzi za Form Six. Sekondari pevu inatarajiwa kubeba tena mzigo wa masomo ya ndani zaidi.

Kwa hivyo uchaguzi wake wa masomo matatu ya mkondo, akiwa na miaka 15 au 16, una uzito kuliko ulivyokuwa wako. Kaa naye chini. Muulize anataka kuwa nani, kisha mwangalie shule yake inafundisha nini kwa kweli, ina maabara, ina mwalimu wa somo hilo. Usimwachie aamue kwa kufuata marafiki.

Wewe mwenyewe, wiki hii fanya mambo mawili tu. Andika jina la digrii moja unayoitaka. Halafu nenda, ama andika barua, ukaulize ni diploma ipi inayoingia moja kwa moja mwaka wake wa pili. Ukishapata jibu hilo lenye sahihi na muhuri, ndipo utoe pesa za abti mfukoni.